Ziwa Kivu na Gesi Yake (Sehemu ya Tatu): Roboti ya Majini na Mtumbwi wa Sambaza

Juma lililopita tulieleza jinsi Ziwa Kivu linavyobana gesi tumboni mwake: takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zilizoyeyuka katika maji ya kina na kushikiliwa huko na uzito wa maji ya juu. Limebaki swali la vitendo: nani ashuke kupima? Ziwa lina kina cha karibu mita 485, na ukishapita mita 60 hivi hakuna oksijeni kabisa. Kazi hiyo inataka mashine, na mashine inataka kijana aliyefundishwa kuiunda na kuiongoza.

Wenzetu huwafundishia vijana wao juu ya chombo cha tanga. Nchini Marekani, shirika la Sea Education Association, lililoanzishwa mwaka 1971, limewafunza wanafunzi katika merikebu za milingoti miwili, kama Corwith Cramer na Robert C. Seamans. Mwanafunzi hushika zamu kama baharia yeyote, akapandisha tanga, akashika usukani, kisha akaingia maabara kusoma vipimo vya vyombo vilivyoshushwa kwa waya. Injini ikizimwa, mtetemo unakwisha, na vifaa vinavyotegemea sauti vinafanya kazi vizuri. Hilo si dogo, kwa sababu mawimbi ya redio hayasafiri mbali ndani ya maji. Roboti iliyo chini huongozwa kwa kebo, au kwa sauti inayokwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde.

Mwaka 2009, roboti ya Chuo Kikuu cha Rutgers iitwayo Scarlet Knight ilivuka Atlantiki kwa siku 221, wanafunzi wakishiriki kuifuatilia na kuiongoza. Haikutegemea pangaboi. Ilijifanya nzito kidogo ikazama, ikajifanya nyepesi ikaibuka, na mabawa yake yakageuza kupanda na kushuka huko kuwa mwendo wa mbele. Aina hiyo ya roboti imepewa jina la Slocum, nahodha aliyezunguka dunia peke yake kwa tanga kati ya 1895 na 1898.

Sisi merikebu ya namna hiyo hatuna, na kwa maoni yangu hatuihitaji. Tunao mtumbwi wa kuvulia sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu: mitumbwi mitatu sambamba, imefungwa kwa miti mirefu, inaendeshwa kwa makasia. Ni mpana, umetulia, hauna kelele, na wavuvi wake wamezoea kushusha wavu usiku kati ya mtumbwi na mtumbwi. Panaposhuka wavu, kebo nayo itashuka.

Somo la kwanza la mwanafunzi ni uzito. Atachukua mabomba ya plastiki, mota tatu ndogo zilizozibwa kwa nta, kamera na kebo, aunde roboti. Ataisawazisha roboti yake ndani ya pipa la maji mpaka isizame wala isielee. Akiisukuma chini kwa kidole, ibaki pale ilipoachwa. Akifika ziwani ataona jambo ambalo pipa halikumwonyesha. Maji ya chini ya Kivu yana chumvi na hewa ya ukaa nyingi, hivyo ni mazito kuliko ya juu. Roboti iliyotulia vizuri karibu na uso wa maji itagoma kushuka ikifika kwenye maji hayo. Itabidi aivute juu, aongeze kipande cha risasi, aishushe tena.

Tena, katika kina kirefu maji yamejipanga kwa mamia ya matabaka membamba, kila moja na joto lake na chumvi yake. Roboti ndogo haiwezi kulipua ziwa, watu waondoe hofu hiyo, lakini pangaboi lake likikoroga tabaka, kipimo kimeharibika. Ndiyo maana chombo huachwa kizame taratibu kwa uzito wake chenyewe. Na maji hayo yana gesi ya salfa inayonuka mayai viza. Waya wa shaba usiozibwa hugeuka mweusi na kuoza.

Kwa mwanafunzi anayeanza, naona mahali panapofaa ni ghuba ya Kabuno, upande wa Sake. Huko maji yenye hewa ya ukaa nyingi yako karibu sana na uso, yapata mita 11 tu, hivyo kebo fupi inatosha. Ila mtu wa Goma anajua mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotuama mabondeni na kuua. Mwanafunzi asiende peke yake, wala asilale ufukweni penye bonde.

Haja ya vipimo hivi haina ubishi. Ziwa Nyos la Kameruni lilifumua hewa yake ya ukaa na kuua watu wapatao 1,700 mwaka 1986. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, magma ilipenya chini ya mji wetu wa Goma kuelekea chini ya ziwa, na watu wakaamriwa kuhama.

Vita vimefunga njia nyingi za utafiti. Pipa la maji uani halijafungwa na mtu. Wakuu wa vyuo vya Goma, wataalamu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, na vyama vya wavuvi wakae meza moja, wakubaliane juu ya mtumbwi mmoja na kundi moja la wanafunzi. Juma lijalo tutaonyesha jinsi ya kuziba mota kwa nta isipitishe maji. Msomaji atafute mota kuukuu ya kuchezea, mshumaa na kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko.