Jinsi ndege za povu zinavyoundwa na kupigana katika anga ya Kajiado

NDEGE ya povu inayopiganishwa kwa redio haina bunduki wala risasi. Silaha yake ni rafadha, na shabaha yake ni utepe wa karatasi, aghalabu wenye urefu wa mita kumi hivi, unaofungwa nyuma ya kila ndege kabla haijarushwa. Marubani husimama ardhini bega kwa bega, kila mmoja na rimoti yake, wakishindana kuukata utepe wa mwenzao na papo hapo kuulinda wao. Anayekata huhesabiwa alama. Anayedumu angani hadi kipenga cha mwisho huongezewa. Ndege zikigongana, na hazikosi kugongana, kicheko huangua, vipande huokotwa na gundi hutolewa mkobani.

Mchezo huu uliitangulia redio. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza na Wazungu wengine walikuwa wakirusha ndege ndogo za injini zilizofungwa kwa nyaya mbili mkononi mwa rubani, zikizunguka katika duara moja na kuwindana tepe. Mtindo huo ungalipo, na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Angani, FAI, lililoundwa 1905, huuandalia mashindano ya dunia kwa jina la F2D. Redio zilipoingia, tatizo likawa masafa. Hadi katikati ya miaka ya 2000, kila rubani alihitaji chaneli yake pekee, na mtu akiwasha rimoti kwenye chaneli ya mwenzake, ndege ya mwenzake ilipoteza mwelekeo na kuanguka. Rimoti za gigahezi 2.4, zilizoanza kuenea kuanzia 2005 hivi, ziliondoa kero hiyo kwa sababu kila kipokezi huitambua rimoti yake peke yake. Bila hatua hiyo, vita vya marafiki wanane katika uwanja mmoja vingekuwa balaa tupu.

Hatua ya pili ilikuwa povu lenyewe. Ndege za mfano za zamani zilijengwa kwa mbao nyepesi za balsa, kazi ya wiki kadhaa inayoweza kuvunjika kwa sekunde moja. Nani angethubutu kuigonganisha kwa makusudi? Povu lilibadilisha hesabu. Liko la aina mbili zinazomhusu mjenzi. La kwanza ni polistairini, lile povu jeupe la punjepunje linalofungiwa televisheni na friji. Wakazi wa Kitengela hawana haja ya kulitafuta mbali: ng'ambo ya pili, huko Mavoko, Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda kinachounda paneli za kuta kwa povu la jinsi hiyo hiyo. La pili ni povu la polipropilini, ambalo hubonyea na kurejea umbo lake kama mpira. Hilo ndilo bora kwa vita, ila mara nyingi sharti liagizwe kutoka nje. Anayeanza na afanye kazi na la kwanza. Halina fahari, lakini mafunzo yake ni yale yale.

Umbo linalopendwa zaidi ni bawa tupu lisilo na mkia, lenye upana wa mita moja hivi kutoka ncha hadi ncha, mabega yakiwa yamelala nyuma kidogo kama ya mbayuwayu. Sababu yake ni rahisi: kisichokuwepo hakivunjiki. Mkia ndio sehemu ya kwanza kukatika ndege zinapogongana. Bawa tupu hutawaliwa na vibao viwili tu vya nyuma. Vikiinuka pamoja, pua hupanda. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, ndege hulala upande. Kila kibao huvutwa na mota ndogo ya sevo ya gramu tisa, ile ile inayotumiwa na wanafunzi katika majaribio ya roboti.

Povu hukatwa kwa waya wa moto. Mjenzi huvuta waya mwembamba wa nikromu kwenye upinde wa mbao, akauunganisha na betri ya volti 12, kisha akaubandika juu ya violezo viwili vya plaiwudi vilivyochongwa umbo la ubavu wa bawa. Watu wawili huuvuta polepole, mmoja kila upande, wakihesabu kwa sauti ili wafike pamoja. Ni kazi ya kupendeza, lakini moshi wake una sumu. Haifai kufanyiwa chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Wengi huharibikiwa kwenye gundi. Gundi ya fundi viatu, pamoja na gundi nyingi za kukauka upesi, huyeyusha polistairini kama maji yanavyoyeyusha sukari. Gundi nyeupe ya seremala hufaa, ila huchelewa kukauka. Epoksi ni ya haraka lakini nzito. Uti wa mgongo wa bawa unaweza kuwa ufito wa nyuzi za kaboni au, kwa asiyekuwa nao, kipande cha mwanzi mkavu kilichopasuliwa na kulainishwa. Mwishowe bawa zima huvikwa selotepu yenye nyuzi ndani yake, ile ya kufungia masanduku. Yapakwe rangi kali, na rangi ya juu itofautiane na ya chini, maana ndege ikiwa mita mia moja mbali rubani huona kivuli tu na hajui kama imepinduka.

Jambo moja halina mjadala: mizani. Betri, mota na sevo zikishafungwa, ndege hushikwa kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, mahali ambapo uzito unapaswa kukutana. Pua ikilala kidogo, hakuna ubaya. Ikiwa nyuma ndiko kunakoshuka, betri isogezwe mbele hata kama itabidi povu lichimbwe upya. Ndege yenye uzito nyuma haisikii rimoti, na bawa lisilo na mkia halisamehe kosa hilo hata kidogo.

Hapo ndipo jiografia ya Kajiado inapoingia. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Ndege ile ile sharti irushwe kwa kasi iliyozidi kwa asilimia nane hivi ili ielee, na rafadha huhitaji kuwa kubwa kidogo. Ukiteremka Bonde la Ufa hadi Magadi, kwenye mita 600 tu, hewa huwa nzito zaidi na bawa hubeba vyema ijapokuwa joto hukaribia nyuzi 40. Hata hivyo, Magadi ina masharti yake. Betri za lithiamu zikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani huvimba, na iliyovimba yaweza kulipuka moto ikichajiwa. Haina dawa ila kutupwa kwa uangalifu. Nalo ziwa si uwanja. Tabaka jeupe la magadi linaonekana gumu kama saruji, lakini huweza kupasuka, na maji ya chumvi yaliyo chini huchoma ngozi. Ndege iliyoangukia huko isifuatwe. Isitoshe, heroe hulisha kwenye chemchemi za kandokando, na kuwatimua kwa ajili ya mchezo ni utovu wa adabu.

Sheria nayo isidharauliwe. Kanuni za kwanza za vyombo visivyo na rubani, za 2017, zilibatilishwa na Bunge mwaka 2018. Mahali pake zikaja kanuni za 2020, zinazohusu usajili, idhini ya kuingiza vyombo nchini na kimo kisichozidi futi 400, yaani mita 120 hivi. Ndege ya povu haina rubani ndani yake, kwa hiyo kikundi chenye busara huiendea Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, kabla ya kukata kipande cha kwanza. Kajiado pia ina kiwanja cha ndege ndogo za kweli cha Orly, na Kitengela inapakana na Mbuga ya Nairobi. Kote kuwili si pa kujaribia bahati. Na mtu asiseme ni povu tu: ndege ya gramu 600 inayokwenda kilomita 80 kwa saa hupiga kwa nguvu ya jiwe la kilo moja lililoangushwa kutoka mita 15.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi kwa sasa ni ardhi. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ua umefuata ua, ploti ikafuata ploti. Nyumbu waliokuwa wakivuka kutoka mbugani kwenda nyanda za kusini ndio walioumia kwanza. Anayetafuta eneo la mita 300 lisilo na waya, nyumba wala nguzo ya umeme analazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka, kuelekea Isinya na kwingineko. Ardhi hiyo ina wenyewe. Mwenye boma aombwe ruhusa, aelezwe saa za kuanza na za kumaliza, na mifugo ikipita vita visimamishwe, kwani mbuzi hushtuka kwa mlio wa rafadha na mchungaji ndiye atakayezunguka jua kali kuwakusanya.

Saa nzuri ni kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo ardhi hupata joto, visulisuli vya vumbi huinuka, na mwewe hupanda pamoja na hewa hiyo. Hao hawana kipenga wala kanuni, na mwewe akijitosa vitani marubani wote huteremsha ndege zao.