Hong Kong: mlima bure, nauli ndiyo biashara

Anayepanda Kilimanjaro hulipa ada ya hifadhi kwa kila siku anayokaa mlimani, na haruhusiwi kwenda bila kiongozi. Hong Kong haina geti la aina hiyo. Karibu asilimia 40 ya ardhi yake ni hifadhi, nyingi zikiwa zimetangazwa chini ya sheria ya mwaka 1976, na njia zake za miguu hazina kiingilio. Kwa hiyo fedha ya mgeni huvunwa pembeni: kwenye basi, kivuko, teksi na bakuli la tambi ufukweni.

Dragon's Back, upande wa mashariki wa kisiwa cha Hong Kong, inaonyesha mfumo huo vizuri. Unashuka treni Shau Kei Wan, unapanda basi namba 9 hadi To Tei Wan, unafuata mgongo wa mlima huku bahari ikionekana chini, kisha unateremkia ufukwe wa Big Wave Bay. Nauli zote unazilipa kwa kadi ya Octopus, iliyoanza kutumika mwaka 1997 na inayopokewa hata madukani. Ni nusu siku ya matembezi, na gharama yake haifikii ya mlo mmoja hotelini.

Penye tiketi, foleni ipo. Tramu ya Victoria Peak inapandisha watu tangu 1888, na mmiliki wake ndiye mwenye hoteli ya Peninsula. Ipande mara moja ukipenda historia, lakini basi namba 15 kutoka Central linafika kule kule kwa nauli ndogo. Ukifika, achana na jukwaa la kulipia. Izunguke barabara ya Lugard kwa miguu. Mandhari ya bandari ni yale yale, tena kuna kivuli.

Utamu wenyewe uko Sai Kung. Hapa ndipo inapoanzia njia ya MacLehose, kilomita 100, iliyofunguliwa mwaka 1979 na kupewa jina la gavana wa wakati ule. Sehemu ya pili huanzia Long Ke, karibu na bwawa la High Island lenye nguzo za mawe ya volkano zenye pembe sita, hupita fukwe za Sai Wan na Ham Tin hadi Pak Tam Au. Magari binafsi hayavuki Pak Tam Chung bila kibali, ila teksi zinaruhusiwa. Katazo hilo limewapa madereva wa teksi za kijani riziki ya uhakika. Wenye boti nao huwasubiri waliochoka pale Sai Wan na kuwarudisha mjini Sai Kung. Bahari ikichafuka boti haziendi, hivyo usizitegemee kama njia pekee ya kurudi. Beba fedha taslimu kwa ajili ya migahawa ya vijijini, na uliza bei kabla ya kuagiza.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Kiangazi kina joto la unyevu na vimbunga. Ikitangazwa ishara ya kimbunga namba 8, mabasi na vivuko hupunguzwa kisha husimama. Takataka rudi nazo, maana mapipa yaliondolewa njiani mwaka 2017.

Mwaka 2018 mji ulipokea wageni milioni 65. Mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 44. Wengi hutoka China bara na kurejea siku hiyo hiyo, hivyo mlima unabeba umati usioacha fedha nyingi. Kuweka kiingilio kungeleta mapato ya haraka, ila naona kungewaadhibu wakazi, ambao hizo njia ndiyo mapumziko yao. Afadhali kupandisha nauli ya basi liendalo bwawa la High Island siku za sikukuu.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyepanga chumba katika jengo la Chungking Mansions akisubiri mzigo yuko hatua chache kutoka kivuko cha Star Ferry. Avuke hadi Central, apande basi, lakini achague Jumanne. Jumapili mlima ni wa wenyeji, na foleni ya basi la kurudi ni ndefu.