Barafu haina maji: piga hesabu kabla ya kupanda Kilimanjaro

Tangu kipindi chetu cha Kilimanjaro kitoke, swali mnalonitumia sana ni hili: "Nibebe maji kiasi gani?" Sisi wa Stratford tumezoea kufungua bomba, maji yanatoka, basi. Mlimani anza na swali jingine: maji ya mwisho yako wapi?

Ukipita njia ya Machame au Lemosho, yako bonde la Karanga. Kambi inayofuata inaitwa Barafu, mita 4,673, lakini pamoja na jina hilo haina hata kijito. Maji ya chai, ya supu na ya chupa yako yote yamebebwa na watu kutoka Karanga. Hao ni wapagazi. Kule mlimani wanaitwa wagumu, na kweli ni wagumu. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo dumu la lita 20 peke yake linafikia kilo 20, kiwango cha juu cha mzigo anaoruhusiwa mpagazi mmoja.

Haya, tupige hesabu. Watu huondoka Barafu kama saa sita usiku. Kufika Uhuru, mita 5,895, huchukua saa sita hadi nane. Ukinywa karibu nusu lita kila saa, unahitaji lita 3 hadi 4 hivi, yaani kilo 3 hadi 4 mgongoni. Usijilazimishe kunywa kupita kiasi ukidhani ni dawa. Maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko, na yakizidi sana yanashusha chumvi kwenye damu. Kichwa kikikuuma sana au ukianza kutapika, mwambie kiongozi wako mapema.

Halafu kuna baridi. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri mchana, ila usiku wa kileleni mrija unaganda haraka. Chukua chupa ngumu za mdomo mpana, zivishe soksi nene, uziweke kichwa chini. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo upande wa kifuniko utabaki wazi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani.

Mazoezi je? Mimi napanda Central line hapa Stratford hadi Epping, naingia msituni na lita 3 kamili. Nikirudi napima zilizobaki, nagawanya nilichokunywa kwa saa nilizotembea. Fanya hivyo mara tatu nne, utajua mwili wako unataka nini.

Na Kiswahili chako cha nyumbani usikiache uwanja wa ndege. Akifika mtu mzima kambini na dumu, mwambie, "Shikamoo, pole na mzigo." Muulize maji kayatoa wapi na katembea saa ngapi. Ukishasikia jibu, nakuhakikishia hutayaoshea viatu.