Mashine Inayokisia Umri wa Mtoto

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto aliye Australia ambaye hajatimiza miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya TikTok, Instagram, Snapchat wala YouTube. Sheria haimwadhibu mtoto wala mzazi wake. Inayobanwa ni kampuni: ikizembea, inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Uingereza nayo, tangu Julai 2025, inazitaka tovuti za ngono zihakikishe kuwa kila anayeingia ametimiza miaka 18.

Kompyuta huujuaje umri wa mtu? Njia mojawapo ni kumtazama usoni. Mtumiaji anaelekeza kamera ya simu usoni, programu inaigeuza sura yake kuwa namba, kisha inazipima kwa kufuata yale iliyojifunza kutoka kwenye picha nyingi za watu ambao umri wao unajulikana. Haihitaji kumjua ni nani. Inakisia tu miaka yake. Makisio hayo hukosea. Vipimo vya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, vilivyotolewa mwaka 2024, vilionyesha kuwa kiwango cha makosa hutofautiana kwa jinsia, umri na eneo alikozaliwa mtu, na kwamba nyuso za wanawake hukosewa zaidi. Hivyo, penye kikomo cha miaka 16, wa miaka 15 anaweza kupita na wa 17 akazuiwa.

Anayezuiwa kimakosa mara nyingi huombwa kitambulisho, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Oktoba 2025, kampuni ya mtandao wa gumzo wa Discord ilitangaza kuwa picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimevuja kupitia mkandarasi wake. Zilikuwa zimekusanywa kushughulikia rufaa za umri.

Njia salama zaidi ipo. Mamlaka inayojua tarehe yako ya kuzaliwa inakupa uthibitisho wenye saini ya kidijitali, unaohifadhiwa kwenye simu. Tovuti ikiuliza, inajibiwa jambo moja tu: ametimiza umri. Haioni jina wala tarehe. Umoja wa Ulaya ulizindua programu ya majaribio ya aina hiyo Julai 2025.

Kuwalinda watoto ni wajibu. Lakini sheria inayokusanya vitambulisho vyao ili kuwalinda inawaweka kwenye hatari nyingine. Wabunge wanaoandaa sheria kama hizi waandike wazi: kinachothibitishwa ni umri, na picha ikishatumika ifutwe.