Ukiuguliwa Kwenu, Kazi Yako Nairobi Italindwa na Nani?

Kila alfajiri, barabara za kutoka Kawangware kwenda Lavington hujaa akina mama na wasichana wanaokwenda kufua, kupika na kulea watoto wa watu. Upande wa Kibera, vijana hushika njia ya reli kwa miguu hadi viwanda vya Industrial Area. Miongoni mwao wamo wa kwetu kutoka Kwale, Kilifi na Tana River waliokwenda kutafuta riziki. Wengi hawana barua ya kazi. Je, simu ikilia kwamba mama amelazwa Msambweni, na msichana akaomba siku chache aende, ataikuta kazi yake akirudi?

Jibu la kweli ni chungu. Sheria ya Kenya inakulinda ukiugua wewe mwenyewe. Ukiuguliwa na mzazi au mtoto, imekuacha mikononi mwa tajiri.

Tuanze na haki zilizopo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo, una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Sharti ni mawili: umjulishe mwajiri mapema uwezavyo, na ulete cheti cha daktari au cha msimamizi wa zahanati anayefanya kazi kwa niaba ya daktari. Karatasi ya duka la dawa haitoshi. Mama aliyejifungua ana miezi 3 na baba ana wiki 2, wote kwa mshahara kamili. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, nayo pia ina malipo.

Sasa tazama pengo. Sheria hiyo haina siku hata moja ya kumuuguza mzazi wala ya kuzika. Mjane anayekaa eda, miezi minne na siku kumi, hakutengewa chochote. Likizo bila malipo nayo ni makubaliano tu. Tajiri akikataa, hajavunja sheria. Lakini wewe ukiondoka bila ruhusa wala sababu halali, hilo ni kosa linaloweza kukufukuzisha.

Nchi nyingine zimejaribu kuliziba pengo hili. Tanzania, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2004, mfanyakazi ana angalau siku 4 za malipo mtoto wake akiugua au kufariki, au akifiwa na mume, mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Marekani tangu 1993 inatoa hadi wiki 12 bila malipo za kumuuguza mzazi, mtoto, mume au mke, ingawa waajiri wadogo hawabanwi nayo.

Mpaka Bunge letu lizinduke, mtu afanyeje? Kwanza, omba zikatwe katika siku zako 21, kwani likizo inaweza kugawanywa mkikubaliana. Pili, zikiwa zimekwisha, omba likizo bila malipo kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unatosha: taja sababu, siku ya kuondoka na siku ya kurudi, kisha uhifadhi jibu. Ruhusa ya mdomo mlangoni haina shahidi.

Tatu, usikubali kuambiwa "wewe ni kibarua tu, huna likizo". Kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi 2 au zaidi kwa mwajiri mmoja anastahili masharti sawa na ambaye hakuanza kama kibarua. Kwa hiyo weka rekodi ya siku ulizofanya na malipo uliyopokea, hasa ya M-Pesa.

Nne, ukiambiwa "nenda lakini usirudi", jua kwamba kabla ya kukufukuza kwa kosa, mwajiri lazima akueleze kosa lenyewe kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mwenzako wa kazini. Asipofanya hivyo, nenda afisi ya leba, au Kituo cha Sheria, au chama cha KUDHEIHA kinachowatetea watumishi wa nyumbani. Usikawie, kwani madai ya kazi hufa baada ya miaka 3.

Nasi tulio Pwani tuna letu. Wengine wetu tumeajiri yaya na wapishi majumbani mwetu, Mombasa na Malindi. Tukiuguliwa, hatuombi ruhusa kwa mtu. Siku yaya atakaposema mamake yu mahututi, tumpe nauli na tarehe ya kurudi, na tusimtafute mwingine nyuma ya mgongo wake. Kufanya hivyo hakungoji Bunge.