KUTOKA KARI HADI KALRO: JINA, UTAMBULISHO NA LUGHA YA MKULIMA

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Katika mtaa wa Fedha, Nairobi, ninakoishi, wapo wafugaji wachache wa uani ambao hadi leo husema wanafuga "kuku wa Kari", yaani kuku wa kienyeji walioboreshwa na watafiti huko Naivasha. Ilhali KARI ilifutwa kisheria mwaka 2013! Makala haya yananuia kueleza jinsi utambulisho wa asasi hii ya umma ulivyobadilika, na kwa nini suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Mizizi yake i Muguga, yalikokuwa makao ya utafiti wa kilimo, misitu na mifugo wa Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kujitegemea. Mwaka 1979 Kenya ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, yaani KARI, nayo ikarithi kazi hiyo ya mimea na ya mifugo pia. Hivyo basi, tangu mwanzo jina lilikuwa finyu kuliko majukumu.

Sheria ya mwaka 2013 iliiunganisha KARI na wakfu za utafiti wa kahawa, chai na sukari, likazaliwa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, yaani KALRO. Tuchunguze maneno yenyewe. "Mifugo" imetajwa hatimaye, na "taasisi" imekuwa "shirika", kwa kuwa sasa ni mama mwenye taasisi kadhaa chini yake. Hata hivyo, muungano huo haujatulia: Sheria ya Chai ya mwaka 2020 na Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 zimeweka misingi ya kuwa tena na asasi za pekee za utafiti wa mazao hayo.

Mkulima hafuati mabadiliko hayo. Yeye hukumbuka kilichomfaa. Mahindi ya Katumani, yanayokomaa mapema katika sehemu kame, yamebeba jina la kituo cha Machakos. Kahawa ya Ruiru 11 vivyo hivyo. Utambulisho wa asasi, kwa maoni yangu, hukaa katika mbegu na kifaranga kuliko katika kibao cha langoni.

Hapa ndipo penye wajibu wetu. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ikiwa matokeo ya utafiti yataandikwa kwa Kiingereza pekee, mkulima atabaki na jina tu, bila maarifa yaliyolizaa. Wanaisimu na wafasiri chipukizi, tusingoje kualikwa: istilahi za udongo, mbegu na magonjwa ya mifugo zinatusubiri. Mgala muue na haki yake mpe. Mlipa kodi naye apewe utafiti wake kwa lugha anayoielewa.