Tandiko la Ngozi Lisikutese

Tandiko jipya la ngozi ni gumu kama ubao. Usilitupe. Matandiko ya namna hii yalianza kutengenezwa Uingereza katika karne ya 19. Ngozi imefungwa kwa ribiti mbele na nyuma, na chini yake hamna sponji. Ukilipanda mara kwa mara, litabonyea taratibu kufuata umbo lako.

Mimi nilikosa subira. Nilipopewa baiskeli ya kazi, mapaja yaliniuma. Nikaliloweka tandiko kwenye mafuta usiku kucha. Lo! Likalegea kama kitanda cha kamba kilichochakaa, nikawa nakalia chuma. Wiki mbili nilikwenda kwa miguu. Wakulima wa mbali sikuwafikia, na ilikuwa wakati wa kupanda.

Wewe paka mafuta ya ngozi kidogo tu, kisha ufute. Anza na safari fupi. Likilowa mvua, lianike kivulini. Jua kali hupasua ngozi. Likilegea, kaza nati iliyo chini ya pua ya tandiko, nusu mzunguko tu. Ukizidisha, ngozi itachanika kwenye ribiti.

Angalia pia urefu. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu unyooke. Kama nyonga zinayumba ukikanyaga, lishushe kidogo.